Divai Iliyolala

Kreti lilitua mlangoni saa saba mchana, saa ambayo mtaa wote uko barazani ukisubiri chakula na kitu cha kutazama. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mnene ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji spika, hakutafuta hata kivuli. Alisimama palepale juani, mkono kiunoni.

"Fundi! Toka uchukue mabomu yako!"

Mzee akatoka na kijiko mkononi, mdomo bado unatafuna. Kwa miaka arobaini mtaa ulimwita Fundi Baridi, maana hapakuwa na friji mitaa ile ambalo hakuwahi kulilaza ubavu, kulifungua mgongo na kulirudishia uhai. Alikuwa amestaafu mwaka uliopita, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, akaanza kutengeneza divai tamu ya zabibu nyumbani.

"Mabomu gani tena, mama?"

"Ulinipa chupa kumi na mbili. Nakurudishia tisa. Tatu zimelipuka zenyewe rafuni, watu wanakula. Kizibo kimoja kimempiga mkaguzi wa shule hapa," akajigonga kwenye paji la uso, "na povu limemlowesha shati mpaka fulana ya ndani. Ameniuliza kama nina ugomvi naye."

Ng'ambo ya barabara fundi viatu alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni.

"Lakini ilikuwa imetulia," alisema mzee. "Niliitazama kwa macho yangu haya. Haikuwa na povu hata moja."

"Basi kwako imetulia, kwangu imefufuka. Hela niliyokupa kaa nayo, sikudai. Ila wageni wangu sasa wakisikia kizibo wanaingia chini ya meza, na nyumba yangu si handaki. Kwaheri."

Akaondoka. Mzee alibaki na kreti miguuni na kijiko mkononi, hajui kipi akiweke wapi. Watu waliokuwa barazani walianza kuulizana habari za hali ya hewa, kwa sauti ile ya watu wanaongoja umalize kuingia ndani ili waanze.

Jua halijazama, jina jipya lilikuwa limeshafika mwisho wa mtaa. Mzee Bomu. Asubuhi iliyofuata alipokwenda dukani, fundi viatu alinyanyua kigoda chake akajikinga nacho kichwani hadi mzee apite. Mwenye duka akamhudumia kwa haraka isiyo ya kawaida. Mzee akacheka pamoja nao, kicheko cha menoni, na njiani kurudi akagundua kwamba amesahau chumvi aliyotumwa.

*

Mkewe alikuwa muuguzi mstaafu. Alizifunika chupa tisa kwa blanketi zito, akatoa moja, akaizungushia taulo mara tatu na kuifungulia ndani ya ndoo kama mtu anayetumbua jipu. Povu lilipanda hadi kwenye kiwiko. Alionja kilichobaki, akakaa, akaanza kumhoji mumewe kama anavyohojiwa mgonjwa.

"Ilichachuka siku ngapi?"

"Nane. Siku ya tisa nikaionja, nikakuta utamu uko mahali pake hasa. Nikasema hapahapa. Nikaiingiza kwenye friji."

"Nyuzi ngapi?"

"Nne. Labda tatu. Unanijua, nikisema baridi ni baridi."

"Halafu?"

"Kesho yake kimya. Hakuna povu, juu maji meupe. Nikajaza chupa."

"Na wewe ukaandika cheti cha kifo."

"Unasemaje?"

"Nasema hivi, Fundi. Miaka thelathini na moja wodini, somo la kwanza tulilopewa ni kushika mkono wa aliyenyamaza na kuhesabu, usije ukampeleka mtu chumba cha maiti naye amelala tu. Hamira yako ilisikia baridi ikajikunyata. Wewe ukaizika hai. Yule mama akaiweka rafuni karibu na jiko lake, ikapata joto, ikaamka, ikakuta sukari imejaa tele. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Mzee aliokota kizibo sakafuni, akakigeuzageuza vidoleni. Kilichomuuma hakikuwa kukosea. Alishakosea mara nyingi, na gesi ya friji iliwahi kumchoma kidole. Kilichomuuma ni kukosea katika baridi, kitu pekee duniani ambacho alikuwa anaweza kusimama mbele ya mtu yeyote, mwenye digrii au asiye nayo, akakizungumza bila kubabaika.

Binti yao aliingia akifuta mafuta ya nywele vidoleni. Alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo.

"Baba, leo wateja wawili wamegoma kukaa kiti cha ndani. Wamekaa mlangoni. Wanasema ili wapate pa kukimbilia."

"Waambie zimebaki nane tu," alisema mama yake.

"Mama!"

"Achana na hii kitu, baba," binti alisema, safari hii bila mzaha. "Umefanya kazi zako, watu wamekuheshimu. Kwa nini ujitafutie aibu uzeeni? Nunua redio, usikilize mpira."

Mzee alitazama ndoo yenye povu. "Nikiacha leo," alisema, "nitazikwa na jina hili. Watu watasimama kaburini waseme, polepole jamani, msimtikise."

Mkewe aliangua kicheko hadi akashika meza. Lakini alipomaliza kucheka alifuta macho, akasema, "Haya. Lakini safari hii mgonjwa ni wangu. Wewe utakuwa fundi wa chumba."

*

Walinunua zabibu nyeupe masanduku matatu, wakazichambua mezani moja moja na kutupa zilizooza, wakazikamua. Juisi ilijaza dumu la kioo la lita ishirini. Hamira ikatiwa. Kwenye shingo ya dumu wakafunga kizibo chenye mpira mwembamba, ncha ya pili ya mpira ikazamishwa kwenye glasi ya maji, ili hewa ya ndani itoke na ya nje isiingie. Kila povu lililotoka liligonga maji: blup.

Dumu liliwekwa chumba cha nyuma, ambacho jua halikukifikia. Lakini chumba peke yake hakikutosha, na hapo mzee alivimba kifua. Alichukua friji kuukuu, akaling'oa kidhibiti chake cha baridi na kulifungia kingine alichokirekebisha mwenyewe, likawa linashika nyuzi kumi na tano, halipandi, halishuki. Alimwita mkewe aje aone.

"Hiyo ndiyo kazi," alisema akipangusa mikono. "Nyuzi kumi na tano. Hailali, haikimbii."

"Na umeme ukikatika?"

"Utakatika saa moja, utarudi."

Siku ya tano umeme wa mtaa uliondoka bila kuaga, ukakaa huko ulikokwenda siku mbili. Friji lililofungwa mlango likageuka oveni. Mzee alipolifungua, glasi ya maji ilikuwa inachemka kwa povu kama sufuria, na harufu nzuri ya zabibu, ile iliyokuwa inakaribisha mtu tangu ukumbini, ilikuwa inatoka yote kwa mkupuo na kwenda zake. Kipima joto kilisoma ishirini na sita.

"Itoe," alisema mkewe. "Upesi!"

Walilibeba dumu wawili, wakalikalisha kwenye beseni pana la maji. Mkewe akalivisha gunia lililoloweshwa, ncha zake zikiwa ndani ya maji ili gunia linywe lenyewe, kisha akafungua mlango na dirisha vikatazamane, upepo ukapita katikati. Kufika jioni kipima joto kilikuwa kumi na saba. Asubuhi, kumi na tano na nusu.

Mzee alizunguka lile beseni mara mbili. Maisha yake yote alikuwa ameuza baridi ya kompresa na gesi, na sasa gunia la viazi lilikuwa limemshinda mbele ya macho yake.

"Wodini tulikuwa tunawafunika hivi watoto wenye homa," mkewe alisema, kana kwamba si kitu. "Chumba hakikuwa na friji, Fundi. Kilikuwa na sisi."

Tangu siku ile friji lilirudi kuhifadhi mboga. Ukutani mkewe alibandika karatasi yenye mistari kama ile ya kitandani hospitali: joto asubuhi, joto mchana, joto jioni, na mapigo. Mapigo yalikuwa ni mapovu. Alikaa kwenye kigoda na saa yake, akahesabu blup kwa dakika nzima, akaandika. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Jua likiwa kali mzee aliongeza maji ya baridi kwenye beseni, kikombe kwa kikombe. Siku za mawingu alilikunja gunia nusu. Kazi yake ikawa kulinda nyuzi kumi na tano kwa kikombe, na akaanza kuipenda kuliko alivyowahi kupenda kazi ya spana.

Kisha mkewe alitoa kabatini kijaluba, na ndani yake kijiti cha kioo chenye namba shingoni, kinachoelea kwenye maji.

"Hicho ni nini?"

"Kinapima uzito wa maji. Sukari ikiwa nyingi kinaelea juu, ikiliwa kinazama. Tutajua imekula kiasi gani bila kubahatisha."

"Ulikitoa wapi kitu kama hicho?"

"Walinipa siku ya kuniaga. Tulikuwa tunapimia mkojo."

Mzee alisimama. "Divai yangu? Kipimo cha mkojo?"

"Kipya! Hakijatoka kwenye boksi lake toka kizaliwe. Kaa chini."

Alikaa. Walielewana kwamba habari hiyo haitatoka chumba cha nyuma.

Mpango wa mkewe ulikuwa huu: safari hii hawataizima hamira kwa nguvu. Wataiacha ifanye kazi taratibu, kwa ubaridi wa kiasi, na kila kijiti kikizama sana wataiongezea sukari kidogo iliyoyeyushwa, kama anavyolishwa mtu aliyetoka kuugua. Itakula, itatoa kileo chake, na siku moja kileo hichohicho kitazidi nguvu yake, itashindwa kula zaidi hata ikipewa joto la jikoni. Sukari itakayobaki hapo ndiyo utamu wa kweli, usio na deni la kulipuka.

"Itachukua muda gani?" binti aliuliza.

"Miezi mitatu hivi."

"Miezi mitatu? Mimi nasuka kichwa kwa saa nne na mtu analalamika!"

*

Siku ya hamsini na mbili, mwenye nyumba ya wageni alikuja kusuka. Alikuwa hajaikanyaga nyumba ile tangu siku ya kreti, lakini binti alikuwa na mkono ambao mitaa mitatu haikuwa nao, na kichwa cha mwanamke hakiwezi kununa milele. Nywele zikiwa nusu, alianza kunusa.

"Nini hicho kinanukia?"

"Nywele zako, mama," binti alisema.

"Nywele zangu hazijawahi kunukia hivyo hata siku ya harusi yangu."

Akasimama na kitana kichwani, akaifuata pua yake ukumbini hadi chumba cha nyuma. Mzee alikuwa amechuchumaa akimwagilia gunia, mkewe yuko kigodani na saa yake.

"Shikamoo, Fundi," alisema. Alikuwa na umri wa kumwamkia, na siku ya kreti alikuwa amesahau.

"Marahaba."

"Nionjeshe."

Mkewe akavuta kidogo kwa mpira, akajaza glasi ndogo. Mama yule akaonja. Akafumba macho, akaonja tena. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue akazungumza kwa sauti ya chini.

"Jumamosi nina wageni sitini. Wakubwa watupu, watu wa ofisi. Aliyeniahidi vinywaji amenitupa. Nipe chupa ishirini za hii. Taja bei yako, sibishani."

Binti, aliyekuwa mlangoni, alimkazia baba yake macho yaliyosema kubali, kubali. Sitini wakubwa watupu. Wangekunywa, wangesifu, na Jumapili jina la bomu lingekuwa limezikwa. Mzee aliliona jambo hilo lote mbele yake kama sahani iliyopakuliwa.

Akamtazama mkewe. Mkewe aliangalia karatasi ya ukutani. Mgonjwa alikuwa wake, lakini jina lililokuwa linachezewa mtaani lilikuwa la mumewe, na alimwachia aliamulie mwenyewe.

"Mama," alisema mzee, "lete sikio lako hapa."

"Wapi?"

"Kwenye kioo."

Yule mama aliinama na kitana chake, akalaza sikio kwenye shingo ya dumu. Chumba kikawa kimya. Ndani ya kioo kulikuwa na mnong'ono mwembamba, kama wa mafuta yanayoanza kupata moto mbali. Blup, glasi ikasema.

"Bado inafanya kazi," alisema mzee. "Mapigo manne kwa dakika. Leo ni tamu, kweli. Ile ya kwanza nayo ilikuwa tamu siku niliyokupa. Nikikujazia leo, Jumamosi inaweza kukaa kimya, inaweza isikae. Siwezi kukuapia. Na kitu nisichoweza kukuapia sikupi tena."

"Hata kama nikikubali hasara iwe yangu?"

"Hasara itakuwa yako. Aibu itakuwa yangu. Hazigawanyiki."

Mama yule alijiinua. Uso ulikuwa umemvimba kwa hasira ya mtu asiyezoea kunyimwa. "Kiburi kitakuua, Fundi," alisema, akarudi kumalizia nywele. Alipoondoka hakuacha bakshishi.

"Umemfukuza," binti alisema. "Baba, umemfukuza mtu aliyekuja mwenyewe kwa miguu yake!"

"Nimemfukuza."

"Na hujutii?"

"Najuta sana," alisema mzee. "Nipe kikombe hicho cha maji."

Mkewe alimpa yeye mwenyewe, na vidole vyake vikabaki juu ya vya mumewe muda mrefu kidogo kuliko kikombe kilivyohitaji.

*

Mapigo yalishuka hadi mawili, moja, moja kwa dakika tano. Siku ya sabini na nne mkewe alikaa na saa robo saa nzima, akaandika sufuri. Mzee wa zamani angejaza chupa mchana uleule. Mzee wa sasa alivuta divai kidogo kwenye chupa, akaifungia mpira wake na glasi yake ya maji, akaipeleka saluni na kuiweka kando ya mashine ya kukaushia nywele, mahali pa joto kuliko pote nyumbani.

"Wateja wangu?" binti aliuliza.

"Waambie wanisaidie kutazama. Atakayeona povu moja, asukwe bure."

Hakuna aliyesukwa bure. Wanawake walikaa chini ya mashine wakiikodolea glasi wiki mbili, wengine wakirudi kusuka kabla ya wakati ili wajaribu bahati, na habari ikavuka barabara. Fundi viatu mwenyewe, aliyenyolewa upara, aliingia siku moja kuulizia bei ya kusuka. Kijiti cha kioo kilisoma ishirini na sita siku ya kwanza ya joto, kikasoma ishirini na sita siku ya kumi na nne. Maji ya glasi hayakutikisika. Wakaihamisha divai yote kutoka kwenye mashapo yake, wakaiacha ijichuje siku chache, wakahamisha tena, ikawa angavu kama kioo cha saa. Siku ya tisini na nne wakajaza chupa ishirini na nne.

Mzee alivaa koti. Alibeba chupa moja tu, akaenda nayo nyumba ya wageni, akamwambia mwenye nyumba aiweke rafu ileile karibu na jiko siku kumi. Mama yule aliipokea bila tabasamu.

Siku ya kumi mzee na mkewe walikwenda na sanduku zima, wakapanga chupa juu ya kaunta. Ilikuwa saa ya chakula, meza zimejaa. Mama alitoa ile chupa rafuni, ikiwa vuguvugu, akaishika kwa mkono ulionyooshwa. Mhudumu wake akajikinga kwa sinia. Wageni wa meza ya karibu, waliosikia hadithi, walisogeza viti nyuma.

Kizibo kilitoka kwa sauti ndogo ya mtu anayeguna. Basi.

Mama alimimina, akaonja, akaweka glasi mezani taratibu.

"Nachukua zote. Na utakazotengeneza tena. Ila, Fundi, nakuomba kitu kimoja, usiudhike. Nitaziuza bila jina. Nitabandika karatasi ya maua. Watu wakisoma jina lako watainama."

Mzee alianza kurudisha chupa sandukuni, moja baada ya nyingine, kwa utulivu kabisa.

"Unafanya nini?"

"Wainame," alisema mzee. "Wakiinuka wataonja. Lakini isiyo na jina si yangu, na isiyo yangu siwezi kukuuzia."

Mama alimwangalia mke wa mzee, akitafuta msaada wa mwanamke mwenzake.

"Usinitazame mimi," mkewe alisema. "Mimi namjua."

 Kisha mama yule alipiga makofi mara moja, akaagiza kalamu, gundi na karatasi.

Mzee alikaa kwenye meza ya pembeni, akavaa miwani. Kuandika alijifunzia ukubwani, madarasa ya jioni, akiwa na mafuta ya mashine kwenye kucha, na herufi zake mpaka leo zilisimama wima kama watu kwenye foleni. Aliandika jina la mkewe kwanza, lote, hadi la baba mkwe wake. Chini yake akaandika lake. Mkewe aliinama kusoma, akanyooka ghafla, akageukia dirishani kurekebisha mtandio ambao haukuwa na kasoro.

"Nitakuchapishia," alisema mama. "Kuna duka hapo, dakika tano kazi imekwisha."

"Hapana, asante."

Akabandika karatasi ya kwanza, kisha ya pili, akaanza nyingine kwa mwendo uleule. Mhudumu alikuja akiwa amepakata sinia.

"Mzee, meza ya nne wanaiulizia ile divai. Na ya sita. Wanasema wana haraka."

Mzee alipuliza wino ukauke, hakuinua kichwa.

"Waambie wasubiri. Niko ya tatu."